Mtihani wa Julai

Jumamosi, tarehe nane Februari, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi kwenye meza ya jikoni nyumbani kwetu Kenton, London, nikisahihisha mitihani ya majaribio ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kumi na moja. Nafundisha hisabati. Nilikuwa nimefika kwenye karatasi ya msichana mmoja ambaye alikosea kwa makusudi maswali aliyoyaweza, ili asipandishwe kwenye kundi la juu na kutenganishwa na rafiki yake. Mtu aliyekaa darasani miaka mingi kama mimi huyatambua makosa ya aina hiyo. Mwanafunzi asiyejua hukosea ovyo, huku na huku. Anayejua hukosea kwa mpangilio. Nikamwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, "Tutaonana Jumatatu," na papo hapo nikasikia barua zikianguka mlangoni.

Mume wangu hakuwepo. Nilikuwa nimemtuma dukani, mwendo wa dakika tano, vitu vitano: unga wa chapati, dania, betri za rimoti, maziwa na ndimu. Sikumwandikia. Daktari wetu wa mtaa ameniambia nisimwandikie kila kitu, nimwache ajaribu. Naye mwenyewe hupenda kujaribu. Akiwa mlangoni alivihesabu kwenye vidole, vitano vyote, akaondoka akiinamisha kichwa ili asigonge fremu, kama alivyofanya kila siku tangu tuhamie nyumba hii. Ana urefu wa karibu mita mbili. Alicheza raga ya kulipwa kwa misimu tisa, safu ya pili ya skramu, ule msukumano wa timu mbili, mahali pa warefu.

Barua ilitoka kwa jopo la wakuu wa raga linaloamua ni wachezaji gani wastaafu watakaopokelewa kwenye kliniki ya pekee, ile ya waliogongwa vichwa. Tulikuwa tumeomba nafasi hiyo mwezi Septemba. Ni kliniki yenye wataalamu wa kumbukumbu, wa usemi, wa usingizi, na muuguzi anayekuja mpaka nyumbani. Kwa mtu wa miaka arobaini na minne anayeniuliza kila jioni kama amekwisha kula, kliniki hiyo ndiyo tofauti kati ya kusaidiwa mapema na kusubiri mpaka awe mzigo wa mtu asiyemjua.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Jopo limepitia kumbukumbu zake zote za kitabibu. Vipimo vyake vya kwanza kabisa, vilivyofanywa mwezi Julai kabla ya msimu wake wa kwanza, na kabla ya jeraha lolote la kichwa lililoandikwa, vinaonyesha uwezo wa kukumbuka ulio chini ya wastani. Hali yake ya sasa haitofautiani vya kutosha na hali hiyo ya awali. Kwa hiyo jopo linasikitika. Ndani ya bahasha walitia kijikaratasi chenye picha ya mzee na mbwa, kinachoshauri watu watembee zaidi.

Kwa lugha isiyo ya jopo: alikuwa mjinga alipokuja, na mjinga ndiye mliye naye.

Simu ikalia. Alikuwa mwenye duka, mzee aliyezaliwa Kisumu, ambaye huzungumza nasi Kiswahili kwa furaha kila tunapoingia.

"Mama, samahani. Ile bwana ameondoka sasa hivi. Lakini alisimama mbele ya friji muda kidogo. Mimi nilimwambia, ngoja nipige simu kwa mama. Akakataa. Akasema iko yote kichwani."

"Amechukua nini, mzee?"

"Unga. Na ndimu. Mimi nimemwongezea ndimu mbili, bure."

Nilimshukuru. Baada ya muda mfupi mume wangu akaingia na mfuko.

"Mwalimu, nimerudi." Ndivyo anavyoniita tangu tuoane.

"Umeleta?"

"Kila kitu." Akaweka unga mezani, kisha ndimu, moja moja, kama mtu anayepanga mayai. "Yule mzee ananipenda sana. Ameniongezea mbili."

Cha kwanza na cha mwisho. Vya katikati vyote vitatu vilikuwa vimepotea. Nikaitazama ile barua mkononi mwangu, nikazitazama ndimu, na hasira ikanishika. Namna ile ya kusahau niliijua. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Lazima nieleze mtihani wa Julai ni nini. Kabla ya kila msimu, wachezaji wa raga hukalishwa mbele ya kompyuta na mbele ya daktari wa klabu, wakapimwa akili. Husomewa orodha ya maneno wayarudie, hutajiwa tarakimu wazirudie kinyumenyume, huonyeshwa maumbo na kubonyeza kitufe upesi. Alama hizo huwekwa. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya mechi, hutolewa nje na kurudiwa maswali ya aina ile ile chumbani, kwa dakika chache, huku mchezo ukiendelea. Majibu yake hulinganishwa na yale ya Julai. Akiwa ameshuka sana, hachezi tena siku hiyo, na huenda asicheze kwa wiki kadhaa. Akiwa hakushuka, anarudi uwanjani.

Kwa hiyo mchezaji anayetaka kurudi uwanjani Novemba anahitaji kuwa amefanya vibaya Julai.

Katika vyumba vya kubadilishia nguo jambo hili halikuwa siri hata kidogo. Wiki ya kwanza kabisa mume wangu alipojiunga na klabu ile ya London, mchezaji mmoja mkongwe alimketisha kwenye benchi akamwambia: ukifanya vizuri mno, siku ukiguswa kidogo tu utakaa jukwaani na wake zetu. Fanya kama umelewa. Ndivyo walivyomkaribisha. Wengine walimwonyesha bafu zilipo. Huyu alimwonyesha hilo.

Alinisimulia Jumapili alasiri, sebuleni kwenye nyumba tuliyopanga wakati huo, huku akicheka. Nia yake ilikuwa kutaja maneno yoyote ya ovyo.

"Hapo watakushika," nikamwambia. "Hakuna mtu anayesahau hivyo."

"Basi nifundishe, mwalimu. Si ndiyo kazi yako kuona watu wakifeli?"

Nikamfundisha. Sikushawishiwa wala sikulazimishwa. Nilivuta kiti, nikachukua karatasi, nikaandika maneno kumi: kiti, mvua, sabuni, na mengine. Nilipomsomea mara moja aliyarudia yote kumi, kisha akayarudia kutoka mwisho kwenda mwanzo ili kunitania. Ndivyo kichwa chake kilivyokuwa. Nikamweleza kwamba mtu wa kawaida hushika ya mwanzo na ya mwisho, na yanayomponyoka ni ya katikati. Taja la kwanza na la pili. Kisha simama. Lichomoe moja la katikati polepole, kama unayelitafuta mfukoni. Halafu malizia la mwisho. Usiwe mwepesi swali hili na mzito lile; kuwa mzito kwa kiasi kile kile kote.

"Nikunje uso?"

"Kidogo."

"Hivi?"

"Hapo unaonekana unaumwa tumbo."

Binti yetu, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa chini ya meza akirudia maneno yale pamoja naye. Alipata manane. Baba yake, siku mbili baadaye, mbele ya daktari, alipata manne. Alirudi nyumbani amenyoosha mikono juu kama mtu aliyefunga bao, nami nikampikia chapati. Nakumbuka nilijivunia. Nilijiona mke mwenye akili, aliyeolewa na mtu mwenye akili, tukiwazidi ujanja watu wasio na akili.

Kila Julai iliyofuata tulifanya mazoezi hayo. Ilikuwa desturi ya nyumba yetu, kama vile wengine wanavyopaka rangi uzio.

Sasa niseme kuhusu akili ya mtu ambaye jopo limeamua hakuwa nayo. Katika raga, mpira ukitoka nje ya mstari, safu mbili hupangwa na mpira hurushwa katikati yao kutoka pembeni, na warefu huinuliwa na wenzao juu kuudaka. Kila timu ina maneno ya siri yanayoeleza nani atainuliwa, wapi, na mpira uende wapi. Mtu mmoja hukabidhiwa kazi ya kuita maneno hayo. Anapaswa kuyajua yote, kuona adui amejipangaje, kuchagua moja kwa kupepesa jicho, na kulibadilisha wiki inayofuata kwa sababu adui ametazama video. Timu haimpi kazi hiyo mtu mwenye kumbukumbu chini ya wastani. Kwa misimu saba, tangu ule wa kwanza, mwitaji alikuwa mume wangu. Wapinzani walikuwa wamekwisha kuyaelewa maneno ya Kiingereza ya klabu, kwa hiyo aliyafuta yote akaweka majina ya vyakula vya kwetu: omena, sukuma, ugali, ndengu, maharagwe. Waingereza wenye shingo nene walikuwa wakipaza sauti "Omena!" mbele ya watazamaji maelfu, nami jukwaani nikicheka hata machozi. Yalikuwa zaidi ya arobaini, na yalizungukana kwa namna ambayo mimi, mwenye shahada ya hisabati, ilinichukua jioni nzima kuielewa.

Aligongwa mara tano ninazozijua. Mara ya tatu ilikuwa mwezi Novemba, kwenye uwanja wa klabu yake. Alikuwa juu hewani, akadondoka, goti la mtu likampata karibu na sikio. Alisimama mwenyewe. Kisha alikwenda akajipanga kwenye safu ya wapinzani. Mmoja wao alimgeuza kwa mabega, kwa upole, akamwelekeza upande wake, na watu jukwaani walicheka. Refa akaita. Akapelekwa ndani. Nilisubiri nikiwa nimeshika kikombe cha chai kilichopoa. Alipotokea tena akiwa amenyoosha kidole gumba, uwanja mzima ulisimama, nami nikasimama, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

Ndani ya gari aliniuliza kama tulishinda. Nikamjibu tulishinda. Kwenye taa zilizofuata akaniuliza tena. Kabla hatujafika nyumbani aliniuliza mara nne, na kila mara alifurahi upya.

"Nimpigie daktari?" nilimuuliza Jumatatu.

"Wa nini? Nimefaulu mtihani wao."

Nilijua kwa nini amefaulu. Alikuwa amepimwa kwa mstari uliochorwa chini ya magoti yake, na mchoraji alikuwa mimi. Ningeweza kunyanyua simu. Sikunyanyua. Ruhusa yetu ya kuishi nchini ilikuwa imefungwa kwenye mkataba wake. Mchezaji anayekaa nje sana haongezewi msimu. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule na ana rafiki. Sababu zilikuwepo, na nyingine zilikuwa za kweli. Leo haziniondolei chochote. Binti yetu, ambaye sasa yuko chuo kikuu na hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, aliniuliza usiku nilipomsomea barua ya jopo kwa simu: nawe siku ile ulipiga makofi? Nikamwambia ndiyo. Akasema ana kipindi asubuhi.

Lakini hasira yangu kwangu mwenyewe naijua inapokaa, na nimezoea kuishi nayo. Hasira yangu kwa wakubwa wa mchezo ni ya namna nyingine, kwa sababu wao walijua.

Kila mwezi Agosti klabu iliandaa siku ya familia, nyama za kuchoma na watoto kuchorwa nyuso. Mwaka wa pili au wa tatu, daktari wa klabu alisimama na glasi yake kati yetu sisi wake na wachezaji kadhaa, akasema: "Nina timu ya ajabu. Julai wote ni wapumbavu, Novemba wote ni maprofesa. Sijaona kliniki inayoponya watu kama skramu." Tulicheka sote. Mimi nilicheka. Aliniangalia mimi hasa, mke mwalimu, akainua glasi kidogo. Alikuwa anaziona alama zile kila mwaka, akijua mchezaji anayeita mipira arobaini hawezi kushindwa maneno kumi, akatia sahihi, akafunga faili. Nasi tuliona kwamba ni mtu mwema, asiyetusumbua.

Sasa faili lile lile limefunguliwa, na yale aliyoyafanyia mzaha yamekuwa ushahidi. Walipomtaka acheze, uongo wa Julai uliwafaa. Walipoombwa wamtibu, uongo wa Julai umewafaa tena. Na kuna jambo jingine ambalo sitalifunika kwa adabu: sioni ni nani angeliandika sentensi ile, "uwezo ulio chini ya wastani kutoka awali", juu ya kijana wa shule ya bweni ya Surrey, bila mtu mmoja kwenye chumba kile kuuliza kama kweli inawezekana. Juu ya mtu aliyekuja kutoka Nairobi hakuna aliyeuliza. Iliwaingia akilini bila kubisha hodi.

Nilihitaji shahidi. Wiki ya pili nikamwita shemeji, yaani rafiki wa mume wangu aliyekuja naye kutoka Nairobi mwaka ule ule, wakacheza klabu moja, yeye akiwa winga. Alikula kwetu karibu kila Jumatatu kwa miaka miwili kabla hajaoa. Tulionana kwenye mkahawa wa Waarabu barabara ya Edgware, mahali alipopachagua yeye, kati ya wageni wa Ghuba na mabirika ya chai ya nanaa.

"Shem, umependeza. Lakini umekonda. Yule jitu hakulishi?"

"Anasahau sufuria motoni."

Alikuwa ameanza kucheka, akaacha.

"Nataka uniandikie barua," nikasema. "Mistari mitatu. Useme Julai mlikuwa mkifanya nini."

"Shem."

"Mitatu tu. Sitataka hata uwataje wengine."

"Unajua siku hizi nafanya kazi wapi?"

Nilijua. Ni kocha msaidizi wa vijana kwenye klabu nyingine, kaskazini ya mji.

"Basi sikiliza. Ule mtihani wa vijana, anayekaa nao chumbani ni mimi. Mimi ndiye nawaambia weka simu kando, bonyeza hapa. Unataka niandike nini? Kwamba walimpa mwizi funguo?"

"Na hao vijana wanafanyaje Julai?"

Alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari. "Wanafanya vibaya, shem. Vibaya kabisa." Akajaribu kutabasamu. "Wengine hata kukunja uso hawajui, mtu unaona aibu kwa niaba yao. Hawakupata mwalimu kama wewe."

Alikusudia utani. Nadhani aliona usoni mwangu utani ule umetua wapi, kwa sababu alinyoosha mkono akaushika wangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nina watoto watatu, shem. Naye nampenda. Unajua nampenda."

"Ukimpenda, mpigie simu. Hata hilo hulifanyi."

"Nikipiga ananiuliza mechi ni saa ngapi."

Nilimwacha na birika lake. Treni kutoka pale mpaka Kenton ni ya moja kwa moja, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ambayo ningemtupia, makali, yaliyopangika, yasiyo na faida yoyote. Vijana wale sikuwafahamu hata mmoja, lakini ni wao niliowawaza zaidi. Mahali fulani kuna mke au mama anayemsomea mmoja wao maneno kumi sebuleni, na wanacheka.

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Nilikuwa nimemficha barua ile kwa wiki tatu, kosa jingine nililolifanya kwa jina la huruma. Nilichagua asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Alikuwa anakunywa chai dirishani.

"Jopo wamejibu," nikasema.

"Wanasema nini?"

"Wamekataa."

"Kwa nini?"

Nilitafuta njia ya kuzunguka nikaikosa. "Wanasema ulikuja hivyo, baba. Kwamba kichwa chako kilikuwa hivi tangu mwanzo."

Aliweka kikombe. Akageukia dirisha, nikadhani imeshamponyoka.

"Mipira alikuwa anaita nani?"

"Wewe."

"Nani?"

"Wewe, baba."

"Basi si uwaambie."

"Nikiwaambia, itabidi niwaambie na Julai. Kwamba tuliudanganya mtihani. Wewe na mimi."

Hilo lilimuumiza zaidi ya lile la kwanza. Katika mchezo ule mtu hawezi kusema yaliyosemwa chumbani mwao. Anaweza kuvunjika mbavu akaficha, anaweza kumpiga mwenzake ngumi Jumanne wakacheza bega kwa bega Jumamosi, lakini kusema nje hawezi. Nilimwona akiipima desturi ile dhidi ya maneno "tangu mwanzo". Kisha akainuka, akainama kwenye fremu ya mlango, nikamsikia akipanda ngazi. Alirudi na daftari la bluu. Hakulitafuta, alilifuata moja kwa moja lilipokuwa, chini ya viatu vyake vya mwisho vya kuchezea, kwenye kabati. Mtu huyu huyu hajui kijiko kinakaa wapi.

Lilikuwa daftari la msimu wake wa kwanza. Maneno ya siri yote, kwa mwandiko wake, pamoja na michoro, na juu ya kila ukurasa tarehe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa wiki ile ile ya Julai aliyopata maneno manne kati ya kumi.

"Shika," akaniambia. "Nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza."

Akaanza. Omena mbele, mtu wa pili ainuliwe, mpira urudi kwa haraka. Omena mbili, hadaa, mpira uende nyuma. Sukuma. Sukuma kavu. Nilifuata kwa kidole. Kurasa mbili nzima hakukosea neno. Katikati ya ukurasa wa tatu akasimama, kinywa kikiwa wazi kidogo.

"Kuna moja hapa," akasema.

"Ipo."

"Usiniambie."

Sikumwambia. Tulikaa. Nje gari la taka lilipita mtaa mzima. Hakukunja uso, uso wake ulikuwa wazi na mtulivu, na nilielewa jinsi nilivyomfundisha vibaya miaka ile yote, kwa sababu mtu anayesahau kwelikweli hafanani hata kidogo na yule tuliyemwigiza.

"Haya," akasema mwishowe, akafunga daftari mkononi mwangu. "Andika. Lakini shuleni kwenu wakisikia mwalimu alimfundisha mtu kuibia mtihani?"

"Wasikie."

"Utaandika kwa ile kalamu nyekundu?"

"Kwa ile ile."

Akacheka, akaniuliza kama amekwisha kunywa chai.

Barua nilituma Jumatatu, tarehe kumi Machi. Niliiandika kwa Kiingereza. Naiweka hapa kwa lugha niliyoiwaza.

"Kwa wajumbe wa jopo,

Mnasema alama za mume wangu za Julai ya kwanza zinaonyesha kumbukumbu iliyo chini ya wastani. Alama hizo ni za uongo. Najua, kwa sababu nilizitunga mimi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na nilimfundisha nyumbani ni maneno gani ayaache, kwa mpangilio gani na kwa kasi gani, ili siku akigongwa aruhusiwe kuendelea kucheza. Tulirudia kila mwaka aliocheza. Niko tayari kuapa haya mbele ya yeyote, na mwajiri wangu nimeshamweleza.

Siwaandikii ili mnisamehe. Nilishiriki, na mtu aliyeumia analala kitandani kwangu. Nawaandikia kwa sababu katika klabu ile mimi sikuwa peke yangu niliyejua. Daktari wa klabu aliyazungumza hadharani kwa mzaha, mbele yangu. Wachezaji waliambiana kwenye benchi siku ya kwanza. Nimeambiwa na mtu ambaye sitamtaja kwamba vijana wa leo wanafanya hivyo hivyo. Ikiwa nanyi hamjui, ulizeni. Ikiwa mnajua, basi mmemhukumu mgonjwa kwa karatasi ambayo nyinyi wenyewe hamuiamini.

Nimeambatisha nakala za daftari lake la msimu wa kwanza. Tazameni tarehe za ukurasa wa kwanza. Wiki ambayo mnasema hakuweza kushika maneno kumi, alitunga na kushika zaidi ya arobaini, na klabu ikamkabidhi aiongoze timu kwa hayo. Sasa akifika ukurasa wa tatu anapotea. Umbali kati ya ukurasa huo na alipokuwa ndicho kipimo chake cha kweli, na hamna kingine.

Naomba mpitie upya ombi lake mkiwa mmeziondoa alama zote za Julai. Naomba pia mnijibu kwa maandishi ni nani atakayekaa chumbani Julai hii, na atafanya nini akiona timu nzima imesahau maneno ya katikati.

Hasemi uongo tena, na mimi simfundishi. Mpimeni. Nitamleta mwenyewe siku yoyote mtakayoitaja, asubuhi ikiwezekana. Tarehe mnitumie mimi, msimtumie yeye. Akiipokea yeye ataiweka mahali salama."